Mkuku Haukatwi

Jumatatu, 4 Machi
Mvua za msimu zimeanza leo, na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu mzima hadharani.

Mtu mzima mwenyewe ni Mwenyekiti wa klabu ya boti za matanga, hapa ziwani. Binti yangu alikwenda kwake kuomba kujifunza kuendesha boti. Sisi tunamwita Chiriku, jina alilopewa na mjomba wake tangu alipoanza kusema, maana hajanyamaza mpaka leo. Miguu yake haimbebi tangu alipougua akiwa mdogo, anatembelea kiti cha magurudumu, lakini mikono yake ukiishika utadhani ya mpiga makasia. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akampa soda, kisha akamsomea kanuni: asiyeweza kuinua boti iliyopinduka hashiki usukani. Vijiboti vyao ni vyepesi. Kimoja kikilala majini, aliyekiendesha hupanda ubavuni, akasimama, akavuta mpaka kiinuke. Chiriku hasimami.

Nilimpigia simu. Akaniambia kwa sauti laini kwamba binti anakaribishwa wakati wowote kama abiria. Abiria! Alisema kama mtu anayegawa zawadi. Nikamshukuru, maana nimelelewa, nikakata simu, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata. Klabu inatafuta boti mpya ya mapumziko, kubwa kuliko vile vijiboti. Mimi na kaka yangu tuna karakana ya faiba. Yeye ni bingwa wa matangi ya maji, mpaka mtaa mzima unamwita Mzee Tangi. Mimi ndiye ninayechora maumbo na kuchonga kalibu ambamo faiba hutandazwa ipate umbo. Nimemwandikia Mwenyekiti kwamba tutawaundia boti ya mkuku.

Mkuku wenyewe ni kipande cha chuma cha kusubu, kinaning'inia chini ya boti katikati, kirefu kwenda chini, na ncha yake ndiyo nzito zaidi. Upepo ukiilaza boti, ule uzito unairudisha wima. Haihitaji mtu. Na boti isiyohitaji kuinuliwa haiwezi kumdai mtu aiinue. Kanuni yao itajifia yenyewe kitandani.

Jumamosi, 9 Machi
Wamekubali, kwa sharti moja. Siku ya kuishusha majini wataufunga mlingoti kamba na kuuvuta mpaka ulale juu ya maji, wanachama wote wakitazama. Boti ikisimama yenyewe, yeyote atashika usukani. Isiposimama, abiria.

Jumapili, 10 Machi
Mvua.

Alhamisi, 14 Machi
Kalibu imekamilika. Boti itakuwa na futi ishirini na tatu, omo, yaani mbele, imechongoka, na tezi ya nyuma ni pana. Robo ya mbele ni chumba kidogo chenye vitanda viwili vya kujinyoosha, na dari ambayo mtu mzima akiinuka ghafla atajuta. Nyuma yake ni lile shimo refu la kukalia wanaoendesha, ambalo vijana wa karakana wameliita sebule, na jina limeshika. Kamba zote za matanga zinaletwa sebuleni, hapana haja ya mtu kwenda kurukaruka juu ya sitaha.

Resini, ile gundi ya kugandisha faiba, haipendi unyevu, na msimu huu hata ukuta unatoka jasho. Tumefunga milango yote na kuwasha taa kubwa. Kaka analalamika kwamba tangi lingekuwa limekwisha wiki iliyopita. Kila kitu kwake ni tangi.

Jumanne, 19 Machi
Mwenyekiti amekuja na mwavuli na mawazo. Amezunguka kalibu akiigongagonga kama anachagua tikiti. Anataka chumba kiinuliwe ili asimame humo bila kuinama. Anataka friji. Anataka meza ya kukunja. Nikamweleza kwamba kila kilo unayoipandisha juu inabishana na mkuku ulio chini. Akanisifu kwa jinsi ninavyojua kueleza mambo, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikateleza. Halafu, mkono ukiwa tayari kwenye mlango wa gari, akauliza kama mkuku hauwezi kupunguzwa kidogo, maana gatini kwao hakuna kina cha kutosha.

Kidogo. Neno hilo nalijua. Kidogo ndiyo iliyomwondoa Chiriku kwenye shule ya karibu, ngazi zilikuwa kidogo tu. Kidogo ndiyo iliyomkosesha kazi benki, kaunta ilikuwa juu kidogo. Ukikata mkuku kidogo, umeacha boti inayoinuka kidogo, na mtoto wangu anazama kidogo.

Nilimwambia hapana. Akatabasamu na kwenda kuzungumza na Kaka.

Jumatano, 20 Machi
Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka amekubali! Wamekunywa chai wawili, na baada ya kikombe cha pili mkuku wangu ukawa umekatwa nusu na chumba kimepanda. Nimeambiwa na msubu chuma alipopiga simu kuuliza vipimo vipya. Vipimo vipya!

Nikamkuta ofisini. Anasema mteja ni mfalme. Anasema uzito ni uleule, chuma kitakuwa kifupi lakini kinene, kwa hiyo kuna tofauti gani. Nikachukua chupa tupu ya mafuta ya kupikia, nikaichoma fimbo tumboni, nikafunga nati nzito kwenye ncha ya fimbo, nikaitia kwenye pipa la maji. Nikailaza kwa kidole, ikaamka. Nikailaza tena, ikaamka. Kisha nikaivunja fimbo katikati, nikaifunga nati ileile pale ilipokatikia, nikailaza. Ikayumba, ikafikiri, ikabaki imelala.

"Hiyo ni chupa," Kaka akasema.

"Na hiyo ni chupa yenye mpwa wako ndani," nikamwambia.

Nikatoka bila mwavuli. Nimelowa mpaka mifupani na sijuti.

Alhamisi, 21 Machi
Mvua. Sisemi na Kaka.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua. Kaka naye hasemi na mimi, lakini amenitumia kijana aniulize kama nimekula. Nimejibu kwamba nimekula hasira.

Jumatatu, 25 Machi
Msubu chuma anauliza asubu upi. Nimemwambia angoje. Kaka amemwambia angoje pia, sijui kwa nini.

Alhamisi, 28 Machi
Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Kaka na Chiriku walitoweka na pikapu. Nikadhani wamekwenda kununua resini. Saa sita wakarudi wamelowa, wamepakana tope, wanacheka kama walevi. Walikuwa klabuni. Chiriku alilala kifudifudi gatini, kiti chake pembeni, akashusha uzi wenye jiwe huku mjomba wake akimshika mkanda wa suruali. Wamepima gati lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wa kushoto maji ni machache kweli. Upande wa kulia, kwenye kona ya mwisho, kina kinatosha mkuku wangu na kubaki. Na kwenye kona hiyo, kwa miaka yote hii, kumefungwa nini? Motaboti ya Mwenyekiti. Motaboti isiyo na mkuku! Kitu kinachoelea hata kwenye beseni.

Kwa hiyo mtoto wangu alitakiwa awe abiria maisha yake yote ili bwana mkubwa asihamishe pahali pake pa kuegesha.

Nilikuwa natafuta viatu nikamkabili huko huko, Kaka akaniambia nikae. Akachukua simu. Nilidhani nitasikia zile salamu zake ndefu za wateja. Alisema hivi tu: "Mwenyekiti, mkuku haukatwi na chumba hakipandi. Hamisha boti yako." Akasikiliza. Akasema, "Basi katafute fundi mwingine, mvua hii yote." Akakata.

Miaka yote nimemwona kaka yangu kama mtu wa kuinamia wateja. Nimemtazama leo mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni. Alikuwa nacho, tope. Nikampa kitambaa.

Jumamosi, 30 Machi
Mwenyekiti amekubali. Ameandika maneno mengi ya kukubali bila kukubali, lakini amekubali.

Jumatano, 3 Aprili
Leo niliyekasirishwa ni mimi, na aliyenikasirisha ni yule ninayepigana kwa ajili yake.

Tumeitoa sitaha kwenye kalibu. Imetoka safi, nyeupe, inang'aa, sehemu za kukanyaga zina mikwaruzo ya kuzuia kuteleza. Sebuleni nilikuwa nimemchongea Chiriku kiti. Si kiti cha kubandika, kimezaliwa pamoja na sitaha, kina mgongo wa juu, kuta mbili za kuzuia mtu asichomoke, na pahali pa mkanda. Nimekihangaikia kiti hicho kuliko omo yenyewe. Nimekipima kwa mto wake wa kukalia. Nikawaita vijana wamwinue wamketishe. Nilitegemea, sitasema uongo, nilitegemea machozi ya furaha.

Akakaa kimya. Chiriku, kimya! Akanyoosha mkono kuelekea pale itakapokaa kana, ile fimbo ndefu inayogeuza usukani. Haukufika. Akanyoosha mkono wa pili kuelekea zitakapofungwa kamba za tanga. Haukufika. Akafunga mkanda, akafungua.

"Mama, hiki ni kiti cha kusindikizwa."

Nikamwambia ni kiti salama. Akasema kwamba boti ikiegemea upande huu, aendeshaye anatakiwa ahamie upande wa pili, na yeye atahamaje akiwa amefungwa kama mzigo wa pikipiki. Nikamuuliza kama anajua nimefanya kazi gani kutengeneza kiti hicho. Akasema anajua. Nikamuuliza kama Mwenyekiti angempa hata kigoda.

"Mwenyekiti aliniita abiria kwa mdomo," akasema. "Wewe umeniita kwa faiba, na faiba haifutiki."

Vijana wote wakakumbuka kazi zilizoko nje. Nikamwambia hana shukrani. Akasema sawa. Tumerudi nyumbani bila kusema, na mvua ikapiga bati kwa niaba yetu.

Alhamisi, 4 Aprili
Nimeamka nina hasira naye. Nimekunywa chai nina hasira naye. Nikaenda karakanani nikakaa kwenye kile kiti, nikafunga mkanda, nikanyoosha mkono.

Haufiki.

Nikavaa barakoa, nikachukua grenda, nikakikata. Kaka alitaka kumpa kijana kazi hiyo, nikakataa. Ukikata faiba iliyokwisha kukauka, vumbi lake linaingia kwenye ngozi kama upupu, na nimejikuna mpaka sasa ninapoandika. Pahali pa kiti pamebaki jeraha baya. Tutalifunika kwa benchi refu, laini, lililopinda kuzunguka tezi yote kutoka ubavu hadi ubavu bila kizuizi chochote. Mtu ataweza kuteleza juu yake kwa mikono tu, na kana itapita mbele yake popote alipo.

Sijamwambia. Akitaka kuona aje aone.

Ijumaa, 5 Aprili
Amekuja. Ameteleza upande hadi upande kama mara ishirini, suruali imejaa vumbi. Akasema benchi lishushwe kidogo. Hiyo "kidogo" nimeivumilia, kwa kuwa ilikuwa sahihi.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua. Resini imegoma kukauka upande wa kulia. Tumekwangua, tumeanza upya.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua.

Jumatano, 17 Aprili
Nimezeeka leo.

Jana jioni tuliitoa boti uani juu ya magogo ili kreni ipate nafasi ya kuja kuufunga mkuku. Usiku mvua ilimwagika kwelikweli. Asubuhi nikafika, nikaona vijana wamejipanga na ndoo, wanachota maji sebuleni. Maji yalifika juu ya benchi. Kaka amesimama kando, mikono nyuma, uso unameremeta.

"Umeona?" akasema. "Hata tone halijavuja."

Nikamwambia haiwezekani. Niliacha matundu mawili sakafuni, nyuma kabisa, makubwa ya kupitisha ndimu, yenye mabomba ya kupeleka maji nje. Sakafu ya sebule iko juu kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo wimbi likiingia, mvua ikinyesha, maji yanatoka yenyewe kwa yale matundu. Ndiyo yanayomfanya mtu asiyeweza kuinuka na ndoo asihitaji ndoo.

"Niliyaona," Kaka akasema. "Nikaona vijana wamesahau kuyaziba. Nimeyaziba mwenyewe, tabaka nne."

Tabaka nne! Kwa mkono wake! Maisha yake yote amehukumu kazi kwa jambo moja, kwamba kizuri hakitoi maji, na akaitazama boti yangu akaona tangi lenye kasoro. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nilimwita majina ambayo mama yetu angenipiga kofi. Nikamuuliza kama mtoto angekaa humo, wimbi likaingia, maji yakajaa, mkuku ungeinua nini, boti au bwawa? Chiriku alifika akaona, akauliza kama tumebadili mpango na sasa tunauza bafu lenye mlingoti. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Kisha Kaka, mtu mwenye karakana na vijana chini yake, akavua shati, akaingia sebuleni kwa magoti na tupa na drili, akaanza kuyafungua. Nilimwambia aachie wengine. Akasema aliyeziba ni yeye. Maji ya mwisho yakatoka kwa kishindo, yakamlowesha usoni. Akayatazama yanavyokwenda, kwa masikitiko, kama mwenye duka anayetazama wateja wakiondoka.

"Kumbe hiki ni chombo cha kukataa maji," akasema.

Hasira zote zikanitoka, na hilo nalo likaniudhi.

Jumatatu, 29 Aprili
Mkuku umefungwa. Bolti nene zimepita kwenye sakafu ya boti, pale faiba ilipo nene kuliko pahali pengine pote, na kila bolti Kaka ameikaza, kisha nikaikaza mimi, kisha Chiriku akasogezwa akaikaza yeye. Ya tatu kutoka mbele ilisogea alipoikaza yeye. Kaka akasema tulikuwa tumemwachia makusudi.

Ijumaa, 3 Mei
Mvua zinapungua. Mwenyekiti ameuliza tena kuhusu friji. Sikujibu.

Jumamosi, 11 Mei
Kumekucha bila wingu, lakini upepo ulikuwa mkali. Klabu nzima ilikuwa gatini, na wengine wamekuja na viti vya kukunja kama wanakuja kutazama mpira. Motaboti ya Mwenyekiti imehamishiwa kushoto, na boti yetu iliwekwa kwenye kona yake.

Wakafunga kamba kwenye ncha ya mlingoti. Wanaume sita wakavuta. Boti ikaanza kulala, polepole, ikaonyesha tumbo lake jeupe, kisha ncha ya mkuku ikachungulia juu ya maji. Mlingoti ukagusa ziwa. Kaka alinishika mkono na nadhani hakujua amenishika. Mwenyekiti akahesabu kwa sauti, mpaka watu wakaanza kumtazama, ndipo akasema waachie.

Ikainuka. Haikuharakisha wala haikuyumba, iliinuka kama mtu anayeamka kwenye kitanda chake mwenyewe. Maji yaliyoingia sebuleni yakatoka kwa matundu mawili, na Kaka akanong'ona, "Yakatae, yakatae."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akakohoa. Akasema ni kazi nzuri sana, ya kujivunia, na kwa hiyo kamati inapendekeza binti aanze msimu huu kama abiria, wakati mambo yakiangaliwa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno niliyoyahifadhi tangu Machi, nimeyanoa yakanoleka. Chiriku aliniwahi. Hakupaza sauti.

"Kanuni yenu inasema asiyeweza kuinua boti," akasema. "Boti imeinuka. Nani ameiinua?"

Wale wanaume sita wakatazama kamba mikononi mwao.

"Basi asiyeiinua si mimi peke yangu. Hata wewe hukuiinua, Mwenyekiti. Tuko sawa."

Nyuma huko mtu alicheka, kisha wengine, na Mwenyekiti akatazama kamati yake akakuta nayo inacheka. Akasema haya, basi, aende. Chiriku alikuwa ameshavaa jaketi la kuokolea. Kaka akampakia, akamketisha kwenye benchi, na yeye mwenyewe akapanda, mtu ambaye maji huyapenda yakiwa ndani ya kitu. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nami nikainua mguu nipande.

"Mama, wewe baki," Chiriku akasema. "Ukija utanielekeza."

Mbele za watu wote! Nilibaki na mguu hewani. Wakafungua kamba wakaenda.

Walipofika katikati ya ziwa, upepo ukawapiga kwa nguvu na boti ikalala, tanga karibu lichote maji. Gati zima lilishika vichwa. Mwenyekiti akapiga kelele boti ya uokoaji iwashwe. Nikamwambia aiache. Mimi sikushika kichwa, nilishika kiuno, maana najua kilichoko chini yake na najua aliyeko juu yake. Tulimwona anateleza kwa mikono kwenye benchi, akahamia upande wa juu, kana ikamfuata. Akalegeza tanga, na boti ikasimama, ikakata maji kwenda mbele.

Nikapunga mkono. Nikapunga mikono yote miwili, nikaita mpaka sauti ikakauka. Hakunipungia, na mpaka ninapoandika haya nina hasira naye. Nimemwambia hivyo wakati wa chakula. Amesema mikono yake ilikuwa na kazi.